Historia ya Tiba ya Maji ya Mshipani na Nafasi ya Muuguzi katika Mkoa wa Mtwara na Pwani ya Maingilio ya Mto Ruvuma, 1859–2011

Ikisiri

Insha hii inachunguza jinsi tiba ya maji ya mshipani, ambayo watu wengi huiita dripu, ilivyoingia na kuenea katika eneo la Mtwara na pwani ya maingilio ya mto Ruvuma. Uchunguzi unaanzia kwenye kipindupindu kilichoikumba Kilwa mwaka 1859 na kuishia kwenye matokeo ya utafiti wa watoto mahututi yaliyotolewa mwaka 2011. Hoja kuu ni kwamba historia ya tiba hii imetawaliwa na masuala matatu: usafi wa maji, uzito wa maji na uamuzi wa anayetundika dripu. Masuala mawili ya kwanza yalipatiwa ufumbuzi hatua kwa hatua kupitia hospitali za misheni, vita vya ukombozi na sera za afya za taifa. Suala la tatu lingali mikononi mwa muuguzi. Insha inahitimisha kwamba mafunzo ya dripu yakitenganishwa na historia yake humwachia muuguzi kanuni bila sababu za kanuni hizo.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Mtwara uko kusini-mashariki kabisa mwa Tanzania. Upande wa mashariki unapakana na Bahari ya Hindi, na upande wa kusini mto Ruvuma unautenganisha na Jimbo la Cabo Delgado la Msumbiji. Kutoka Mikindani na Msimbati pwani, ardhi hupanda hadi nyanda za juu za Wamakonde huko Newala na Tandahimba, kisha hushuka kuelekea Masasi. Sura hii ya nchi ina maana kubwa kwa mada inayojadiliwa. Uwanda wa Makonde una mvua lakini hauna mito. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950 ulikuwa jaribio la kuondoa adha hiyo kwa pampu. Barabara ya pwani iendayo Dar es Salaam nayo ilikatizwa na mto Rufiji, ambao ulivukwa kwa kivuko hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Katika miezi ya masika, kusini ilikuwa karibu kisiwa.

Tiba ya maji ya mshipani ni utaratibu wa kuingiza maji yenye chumvi, sukari au vyote viwili moja kwa moja katika mshipa wa vena. Madhumuni yake ni kurudisha maji yaliyopotea, kujaza mishipa ya damu iliyopungukiwa, kumpatia mgonjwa mahitaji ya siku pale asipoweza kunywa, au kupitishia dawa. Katika Kiswahili cha mitaani tiba hii ina majina kadhaa: kutundikiwa dripu, kuwekewa maji, kuongezewa maji. Majina haya yanaeleza kinachoonekana kwa macho, yaani chupa iliyoning'inia na maji yanayodondoka. Hayaelezi aina ya maji, kiasi chake wala kasi yake, ilhali mambo hayo matatu ndiyo yanayotofautisha tiba na madhara.

Waandishi wa historia ya tiba Afrika Mashariki wameshughulikia zaidi madaktari, taasisi na magonjwa. Kazi ya John Iliffe kuhusu madaktari wa Afrika Mashariki (1998) na makala ya Terence Ranger kuhusu tiba ya misheni kusini-mashariki mwa Tanzania (1981) ni mifano bora. Insha hii inafuata njia nyembamba zaidi. Inafuatilia kifaa kimoja, na kupitia kifaa hicho inauliza nani aliyepewa mamlaka ya kukitumia, na kwa nini.

2.0 Tiba Iliyokuwepo Lakini Haikufika: 1832–1870

Mwanzoni mwa mwaka 1859 Richard Burton alifika Kilwa na kukuta mji umevamiwa na kipindupindu. Katika kitabu chake kuhusu Zanzibar na pwani alieleza maiti zilizokuwa ufukweni na mji uliopooza kwa hofu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1869, ugonjwa ulirudi. James Christie, daktari aliyeishi Unguja wakati huo, aliufuatilia kwa makini na kuchapisha kitabu chake mwaka 1876. Alionyesha kwamba ugonjwa ulisafiri na watu: misafara ya bara ilipoufikisha pwani, majahazi yaliusambaza kutoka bandari hadi bandari. Pwani ya kusini, iliyounganishwa na Unguja kwa biashara ya pembe, sandarusi na watumwa, haikuwa na kinga dhidi ya njia hiyo.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba tiba sahihi ya kipindupindu ilikuwa imeshagunduliwa. Mwaka 1831 William Brooke O'Shaughnessy alichunguza damu ya wagonjwa wa kipindupindu nchini Uingereza na kuona kwamba imepoteza maji na chumvi. Mwaka 1832 Thomas Latta, daktari wa Leith karibu na Edinburgh, alitenda kulingana na ugunduzi huo. Alimwingizia mama mzee aliyekuwa akikata roho maji yenye chumvi na magadi kupitia mshipa, painti sita ndani ya takribani nusu saa, yaani zaidi ya lita tatu. Mama huyo alirudiwa na fahamu, macho yaliyokuwa yamezama yakang'aa, na mapigo ya mkono yakasikika. Kisha kuhara kukaendelea, maji hayakuongezwa tena, na baada ya saa chache akafariki.

Kisa hicho kina mafunzo mawili ambayo baadaye yalichukua zaidi ya karne moja kukubalika. Kwanza, maji yanaweza kumrudisha mtu kutoka ukingoni mwa kifo. Pili, kurudisha kilichopotea hakutoshi ikiwa kinachoendelea kupotea hakifidiwi. Latta mwenyewe alifariki mwaka 1833, na tiba yake ikaachwa. Sababu si ujinga wa madaktari pekee. Vijidudu havikuwa vimejulikana. Maji na vyombo havikuchemshwa ipasavyo. Wengi walionusurika upungufu wa maji waliuawa na maambukizi ya damu au hewa iliyoingia mshipani. Kwa hiyo, kipindupindu kilipofika Kilwa mwaka 1859, tiba ilikuwa na umri wa miaka 27, lakini hapakuwa na mahali popote duniani ilipotolewa kwa usalama. Kikwazo cha kwanza kilikuwa usafi wa maji.

3.0 Hospitali za Misheni na Suala la Usafi: 1926–1961

Kikwazo hicho kiliondolewa kwa hatua nyingi ndogo. Sydney Ringer alionyesha katika miaka ya 1880 kwamba moyo wa chura huendelea kudunda vizuri katika maji yenye chumvi, potasiamu na kalisi kwa uwiano maalumu. Leonard Rogers, aliyefanya kazi Calcutta mwanzoni mwa karne ya 20, aliirudisha tiba ya maji ya mshipani kwa wagonjwa wa kipindupindu na kupunguza vifo kwa takribani nusu. Mwaka 1923 Florence Seibert alieleza kwa nini wagonjwa wengi walipata homa na kutetemeka baada ya kuwekewa maji yaliyodhaniwa kuwa safi: masalia ya bakteria yalibebwa na matone madogo wakati wa kukeneka maji, na kuchemsha hakukuyaondoa. Mwaka 1932 Alexis Hartmann aliongeza laktati katika maji ya Ringer ili kupunguza asidi ya damu. Mchanganyiko huo ndio Ringer lakteti inayotumika hadi leo.

Katika kipindi hichohicho huduma za tiba za kisasa zilianza kuchukua sura kusini mwa Tanganyika. Misheni ya Kianglikana ya Universities' Mission to Central Africa ilikuwa Masasi tangu mwaka 1876. Wabenediktini waliunda kituo cha Ndanda mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Majimaji. Masasi ilipata daktari wa kudumu katika miaka ya 1920, Frances Taylor, ambaye Ranger amemjadili kwa kirefu. Ndanda nayo ilipata mtawa daktari, Thekla Stinnesbeck, mwishoni mwa muongo huohuo. Mwaka 1935 alifika Leader Stirling, daktari mpasuaji kutoka Uingereza, ambaye alijenga hospitali ya Lulindi kwa miti, udongo na makuti, na mwaka 1949 akahamia Mnero katika eneo la Nachingwea.

Kwa upande wa serikali ya kikoloni, mpango wa zahanati za mamlaka za wenyeji ulianza mwaka 1926. Zahanati hizo ziliendeshwa na wafunga vidonda waliofundishwa kwa miezi michache. Walitibu vidonda, walitoa kwinini na dawa za minyoo. Maji ya mshipani hayakuwa katika mamlaka yao wala kabatini mwao.

Mgawanyo huu wa mamlaka ulikuwa na msingi wa kiufundi. Kabla ya viwanda kusambaza chupa zilizokwisha kutakaswa, hospitali iliyotaka kutoa dripu ilipaswa kuitengeneza yenyewe. Maji yalikenekwa, chumvi ikapimwa gramu 9 kwa kila lita, chupa na mirija ya mpira ikaoshwa na kutakaswa kwa mvuke wa shinikizo. Kila hatua ilidai kuni, maji mengi na mtu mwaminifu wa kusimamia moto. Pale utakaso ulipotiliwa shaka, madaktari wa enzi hiyo walitumia njia nyingine mbili: kupitisha maji ya chumvi taratibu kwa njia ya haja kubwa, au kuyaingiza chini ya ngozi ya paja ambako hunyonywa polepole. Njia hizo zilisamehe makosa zaidi kuliko mshipa, lakini zilikuwa za polepole mno kwa mgonjwa aliyekwisha kuzimia.

Ni katika mazingira hayo ambapo wauguzi wazalendo walipata nafasi ambayo maandishi ya kimisheni huigusa kwa kupita tu. Hospitali ya misheni yenye daktari mmoja kwa eneo kubwa haikuweza kumweka daktari huyo kando ya chupa inayodondoka kwa saa nane. Aliyekaa pale alikuwa muuguzi. Yeye ndiye aliyeona uvimbe unaoanza pale sindano inapotoka mshipani, na ndiye aliyejua kwamba mgonjwa aliyeanza kutetemeka dakika chache baada ya chupa mpya kuunganishwa hana homa ya malaria bali ana chupa chafu. Daktari alitoa amri. Ujuzi wa kila saa ulikuwa wa muuguzi.

4.0 Vita vya Ng'ambo ya Ruvuma: 1964–1974

Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilianza mapambano ya silaha dhidi ya Ureno huko Chai, Cabo Delgado. Mto Ruvuma ukawa mpaka wa vita. Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya kijeshi, na Mtwara ikawa mahali pa kupokea majeruhi. Ilijengwa hapo hospitali ya FRELIMO iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Hospitali hiyo ilipata msaada kupitia Taasisi ya Msumbiji ya Dar es Salaam, iliyoongozwa na Janet Mondlane. Mwaka 1970 hospitali ya Santa Maria Nuova ya Reggio Emilia, Italia, ilianzisha udugu na huduma za tiba za FRELIMO upande wa Cabo Delgado.

Kwa historia ya dripu, vita hivi vilibadili swali. Mgonjwa wa kipindupindu hupoteza maji na chumvi. Majeruhi wa risasi au bomu la ardhini hupoteza damu. Maji ya chumvi humnunulia muda tu. Hujaza mishipa ili moyo upate kitu cha kusukuma, lakini hayabebi oksijeni, na yakizidi huipunguza nguvu damu iliyobaki. Kwa hiyo kasi ya kumfikisha majeruhi penye damu na mpasuaji ilikuwa muhimu kuliko idadi ya chupa. Katika Cabo Delgado majeruhi walibebwa kwa machela kwa miguu hadi mtoni, kisha wakavushwa kwa mitumbwi. Safari ya namna hiyo huchukua siku, si saa.

Hapa ndipo suala la uzito linapojitokeza wazi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na chupa ya kioo huongeza zaidi. Mbeba mizigo aliyevuka Ruvuma na kilo 20 mgongoni angeweza kubeba maji ya wagonjwa wachache tu, na kila chupa ilichukua nafasi ya risasi, chakula au dawa. Vita vya msituni vilithibitisha kwamba tiba inayotegemea lita haiwezi kuwafuata watu wanaotembea. Si jambo la kubahatisha kwamba harakati hiyo iliwekeza sana katika kufundisha wauguzi na wahudumu wa kwanza. Samora Machel mwenyewe, aliyeliongoza jeshi na baadaye chama chote, alikuwa muuguzi kwa taaluma. Mhudumu anayejua kufunga jeraha na kuzuia damu mapema huokoa maji ambayo hayapo.

5.0 Kipindupindu cha 1977 na Mwisho wa Utawala wa Chupa

Wimbi la saba la kipindupindu lilianzia Sulawesi mwaka 1961 na kuingia Afrika mwaka 1970. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, Tanzania iliripoti wagonjwa 10 mwaka 1974, na tangu mwaka 1977 ikaripoti wagonjwa kila mwaka. Mlipuko wa 1977 ulianzia delta ya Rufiji, palepale ambapo barabara ya kwenda Lindi na Mtwara ilivuka mto. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Leader Stirling, yuleyule wa Lulindi na Mnero, aliyeshika wadhifa huo kati ya mwaka 1975 na 1980.

Mlipuko huo ulitoa somo kali. Dawa ya tetrasaiklini ilitumika kwa wingi, si kwa wagonjwa tu bali pia kwa watu wazima wa afya kama kinga. Fred Mhalu na wenzake walichapisha mwaka 1979 matokeo yanayoonyesha kwamba mwanzoni vimelea vyote viliuawa na dawa hiyo, lakini baada ya miezi mitano asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu. Dawa iliyotegemewa ilikuwa imeshindwa ndani ya nusu mwaka. Kilichobaki kama nguzo ya tiba kilikuwa maji.

Lakini maji ya aina gani? Mwaka 1968 David Nalin, Richard Cash na wenzao huko Dhaka walionyesha kwamba sukari huvuta chumvi na maji kupita ukuta wa utumbo hata wakati wa kipindupindu, na kwamba mchanganyiko wa kunywa hupunguza mahitaji ya maji ya mshipani kwa takribani asilimia 80. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis, akiwa na wakimbizi wengi na chupa chache huko Bangaon, India, alitumia mchanganyiko huo kwa maelfu. Vifo vilishuka kutoka takribani asilimia 30 hadi 3.6.

Kwa mkoa kama Mtwara, hesabu ya uzito inaeleza umuhimu wa ugunduzi huo kuliko sifa yoyote. Mgonjwa mzima wa kilo 50 aliyekaukiwa sana huhitaji mililita 100 kwa kila kilo, yaani lita 5. Wagonjwa 10 huhitaji lita 50 katika saa za mwanzo tu, kabla ya kufidia kuhara kunakoendelea. Ni mzigo unaohitaji gari, barabara na kivuko kinachofanya kazi. Pakiti ya chumvichumvi ya kunywa ya fomula ya awali ilikuwa na chumvi ya kawaida gramu 3.5, magadi gramu 2.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na glukosi gramu 20: jumla gramu 27.5 kwa lita moja. Pakiti za lita 50 hazifiki kilo moja na nusu. Mhudumu mwenye baiskeli angeweza kuzipandisha Newala kwenye mkoba wake. Maji yalipatikana kijijini kwa mgonjwa mwenyewe, na sharti la usafi likashuka kutoka utakaso wa mvuke hadi sufuria ya kuchemshia.

Sera ya taifa ilikuwa imeandaa njia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilielekeza fedha katika zahanati na vituo vya afya vijijini. Tangu miaka ya mwanzo ya 1980 mpango wa dawa muhimu uliosaidiwa na Denmark na UNICEF ulipeleka vitita vya dawa katika vituo hivyo, chumvichumvi ikiwa miongoni mwake. Bohari ya Dawa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993 ilirithi jukumu la ugavi na kuwa na kanda yake Mtwara. Sambamba na hayo, Finland ilifadhili miradi ya maji ya Mtwara na Lindi kuanzia miaka ya 1970, hatua iliyolenga chanzo chenyewe cha ugonjwa.

Hata hivyo, takwimu za taifa zinaonya dhidi ya kuridhika. Mwaka 1992 Tanzania iliripoti wagonjwa wa kipindupindu 18,526 na vifo 2,173. Mwaka 1997 wagonjwa 40,249 na vifo 2,231. Wagonjwa waliongezeka zaidi ya mara mbili, ilhali vifo karibu havikuongezeka: kutoka takribani asilimia 11.7 hadi 5.5. Maendeleo hayo ni ya kweli. Lakini penye maji ya kutosha yanayotolewa kwa wakati, kipindupindu hakipaswi kuua hata mgonjwa mmoja kati ya 100. Pengo lililobaki halikuwa la ujuzi wa kisayansi. Lilikuwa pengo la umbali, ugavi na uamuzi wa saa ya kwanza.

6.0 Misingi ya Tiba Kama Urithi wa Historia

Kanuni ambazo leo hufundishwa katika vyuo vya uuguzi vya Mtwara, Masasi, Ndanda na Newala ni matokeo ya historia iliyoelezwa hapo juu. Kila kanuni ina tukio nyuma yake.

Kanuni ya kwanza ni kuchagua maji kulingana na kilichopotea. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 na Ringer lakteti hubaki zaidi nje ya seli na hivyo hufaa kujaza mishipa. Kwa kipindupindu Ringer lakteti hupewa nafasi ya kwanza kwa sababu ina potasiamu na laktati, vitu ambavyo kuhara huvipora au kuvihitaji. Maji ya glukosi ya asilimia 5 yana gramu 50 za sukari kwa lita. Sukari ikishatumika na mwili hubaki maji matupu yanayosambaa kila mahali. Hayafai kumwinua mgonjwa aliyeishiwa maji, ingawa ndiyo yaliyozoeleka sana wodini kwa kuwa kwinini ya mshipani ilipitishwa humo kwa miongo mingi.

Kanuni ya pili ni kasi. Mgonjwa aliyekaukiwa sana mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi hupewa mililita 30 kwa kilo katika dakika 30, kisha 70 kwa kilo katika saa mbili na nusu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa kiasi hichohicho kwa saa moja na kisha saa tano. Kwa mtu mzima wa kilo 50, hatua ya kwanza ni mililita 1,500 kwa nusu saa. Kwa mrija wa matone 20 kwa mililita hayo ni matone 1,000 kwa dakika, kasi isiyohesabika. Muuguzi hufungua mrija wote, hutumia kanula nene, na hutazama mistari ya chupa badala ya matone.

Kinyume chake, mtoto wa kilo 10 anayehitaji mahitaji ya siku tu hupewa takribani mililita 40 kwa saa, sawa na matone 13 kwa dakika kwa mrija huohuo. Hesabu ni moja: mililita zidisha kwa matone ya mrija, gawanya kwa dakika. Lakini tofauti kati ya matone 13 na mrija uliofunguliwa wote ni tofauti kati ya tiba na kumzamisha mtoto kwa maji ya mapafuni. Chupa ya mililita 500 ikiisha kwa saa moja, mtoto huyo amepokea mililita 50 kwa kilo.

Kanuni ya tatu ni kuangalia. Mapigo, upumuaji, mkojo, kope zilizovimba na mahali ilipochomwa sindano hukaguliwa mara kwa mara, na kila kilichoingia na kutoka huandikwa. Mama mzee wa Leith alikufa kwa kukosa ukaguzi huo. Kanuni ya nne inafuatana nayo: mgonjwa anayeweza kunywa anyweshwe, na dripu iondolewe mara isipohitajika.

7.0 Dripu Kama Nguvu na Uamuzi wa 2011

Kadiri chupa za kioo zilivyopisha mifuko ya plastiki na ugavi ulivyoboreka, ndivyo tatizo la tatu lilivyojitokeza. Dripu ilipata heshima kupita kazi yake. Katika mazungumzo ya kawaida, mgonjwa aliyetundikiwa dripu ameonekana kutibiwa, na aliyepewa vidonge tu ameonekana kupuuzwa. Ndugu huhesabu chupa kama wanavyohesabu gharama: nyingi ni dalili ya huduma bora. Katika jamii ambako maji yenyewe yalitekwa kwa jasho, si ajabu kwamba maji yanayoingia mwilini bila jasho yakaonekana kuwa nguvu. Muuguzi akajikuta kati ya kanuni na matarajio ya familia iliyosafiri kutoka kijijini na mgonjwa wao.

Kwa watoto wenye homa kali, matarajio hayo yaliungwa mkono hata na sayansi ya wakati huo. Miongozo ya nchi tajiri ilihimiza maji mengi kwa haraka kwa mtoto mwenye dalili za mshtuko wa mzunguko wa damu. Utafiti ulioongozwa na Kathryn Maitland ulipima jambo hilo Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa upande wa Tanzania ulifanyika katika Hospitali ya Teule, Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa katika makundi matatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yaliwashtua wengi. Kufikia saa 48, vifo vilikuwa asilimia 10.6 kwa waliopewa albumini kwa haraka, asilimia 10.5 kwa waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na asilimia 7.3 kwa ambao hawakupewa maji ya haraka kabisa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Umuhimu wa matokeo hayo kwa Mtwara hauhitaji kukuzwa. Mkoa huu umekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya malaria nchini, na zaidi ya nusu ya watoto wa utafiti ule walikuwa na malaria. Hata hivyo, ni muhimu vilevile kutambua ambao hawakuhusishwa: watoto wanaoharisha, wenye utapiamlo mkali na waliojeruhiwa. Kwa hiyo utafiti haukufuta somo la kipindupindu. Uliweka mpaka. Katika kituo kimoja, usiku mmoja, wanaweza kuletwa watoto wawili waliolegea, wenye mikono baridi na mapigo hafifu. Mmoja ameharisha tangu alfajiri. Asipopewa maji haraka atakufa. Mwingine ana homa na upungufu wa damu. Akipewa maji haraka anaweza kufa kwa sababu ya maji hayo, wakati anachohitaji ni damu na dawa ya malaria. Chupa ni ileile, na mrija ni uleule. Kinachowatenganisha ni maswali atakayouliza muuguzi na macho atakayotumia kabla ya kufungua mrija.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba tiba ya maji ya mshipani haikuingia Mtwara kama zawadi iliyokamilika. Ilichelewa kwa sababu ya usafi, na hospitali za misheni zikajifunza kuitengeneza kwa kuni na mvuke. Ilibanwa na uzito, na vita vya ng'ambo ya Ruvuma pamoja na kipindupindu cha 1977 vikaonyesha kwamba pakiti ya gramu 27.5 inaweza kufika ambako chupa ya lita haifiki. Sasa, chupa zinapopatikana, mzigo umehamia kwenye uamuzi.

Matokeo mawili yanafuata. Kwanza, mafunzo ya wauguzi na wahudumu yanapaswa kufundisha kanuni pamoja na asili yake, kwa kuwa anayejua kwa nini kanuni ilizaliwa hujua pia mahali isipotumika. Pili, utafiti wa historia ya tiba kusini mwa Tanzania unahitaji kumrudisha muuguzi katikati ya simulizi. Kumbukumbu za hospitali kongwe za Masasi, Lulindi, Ndanda na Mnero, pamoja na simulizi za wauguzi wastaafu wa pande zote mbili za Ruvuma, ni hazina ya kuanzia. Wauguzi wa kizazi kilichokeneka maji kwa kuni wanapungua kila mwaka, na kazi ya kukusanya maelezo yao inapaswa kutangulia nyingine zote.